Baba Mkwe Amekalia Ngazi Sita

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ya kwenda kuwa mwanga wa taa. Mkononi nina sahani ya wali, mbele yangu kuna watu kama elfu, nyuma yangu kuna ng'ombe.

Kabla sijaendelea, nieleze nilikolala, maana sikulala kitandani. Nililala juu ya gunia kwenye zizi la mama mkwe wangu, huku juu Tukuyu, ambako nguzo za umeme ziliishia barabarani na hazijawahi kupanda kilima. Ng'ombe wake anaitwa Madam kwa sababu anatembea kama mwalimu wa zamu, na jana alikuwa na dalili zote za kuzaa.

Mwaka jana alizaa gizani. Taa niliyomtengenezea mama ilizimika saa saba, kama ilivyozimika kila usiku, na asubuhi tukamkuta ndama amekufa, utando bado umemfunika pua. Ilihitajika mtu mmoja mwenye kitambaa na macho yanayoona. Mtu alikuwepo, kitambaa kilikuwepo. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Taa ni taa, inazimika," na kwa mama mkwe wangu hiyo ni lawama nzima.

Chemli ya mafuta hatuiweki tena zizini. Iliwahi kupigwa teke, na nusu ya paa ikaungua. Kwa hiyo taa ni yangu, na ikizimika, aibu ni yangu. Nina stashahada ya umeme na kibanda cha ufundi sokoni, na watu wanajua.

Taa yenyewe ni vipande viwili vya LED nilivyovinyofoa kwenye taa mbovu, betri ya pikipiki iliyochoka, na rizista moja kubwa ya kauri, nyeupe, ya pembe nne kama kipande cha chaki. LED mbili zinataka volti sita na kitu. Betri inatoa kumi na mbili. Nusu inayobaki inaliwa na rizista, ambayo haifanyi nayo lolote isipokuwa kupata moto. Ni njia rahisi, na ni ya kijinga. Wiki hii nikaunda sakiti ya maana: transista ya kufungua na kufunga njia kwa kasi, koili niliyoizungusha mwenyewe kwenye pete nyeusi, na vikorokoro vingine vitatu, vyote kutoka kwenye ndoo ya takataka ya kibandani. Kwa hesabu zangu, betri ile ile ingefika asubuhi.

Ila rizista sikuitoa.

Hapa niliosoma nao watanicheka. Rizista ile ni ya baba mkwe wangu. Alifanya kazi kwenye nyumba ya jenereta ya shamba la chai mpaka akastaafu. Aliposikia natengeneza taa, alifungua kopo lake la vifaa, akaichagua, akaifunga kwenye gazeti na kumtuma mama. "Mwambie aweke hii. Haiungui."

Na kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siku hizi wengi wamelegeza na wanakula meza moja. Ukoo huu haujalegeza. Nikimsikia akikohoa njiani najifunika kichwa na kuingia kwenye migomba mpaka apite. Jina lake silitamki. Mimi niliyemwambia diwani usoni kwamba barabara yake ni mtaro, sijawahi kumwambia mzee yule neno hata moja kwa miaka kumi na moja, na kitu pekee alichowahi kunipa ni ile rizista. Utaitoaje? Nikaunganisha sakiti yangu mpya nyuma yake, nikafunga kopo la plastiki la taa kwa mpira, nikajiambia nimeiacha kwa usalama.

Saa kumi na mbili jioni nikawasha. Mama akakaa kwenye kigoda, mimi kwenye gunia. Tukazungumzia bei ya pumba. Usingizi ukanipitia.

Basi, niko kwenye foleni.

Ni mchana. Tunapita katikati ya shamba la chai, na mvua inanyesha upande mmoja tu wa njia. Tulikotoka kuna sufuria kubwa, na anayepakua wali ni betri ya pikipiki iliyovaa aproni. Anapakua huku anahema. Kila anayepita anamwambia neno lile lile, kwamba yeye amechoka, wali ni huo huo, na ukoko utaanza saa saba.

Namuuliza aliye mbele yangu tunampelekea nani chakula hiki. Anasema tunawapelekea akina dada walioko chini. Tukishawalisha, tunakuwa mwanga, kisha tunarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Anasema kama mtu anayeeleza ratiba ya kliniki.

Tunafika getini. Mlinzi wa geti ni mama mmoja mwembamba mwenye miguu mitatu. Namfahamu. Ni transista yangu. Mguu wake wa katikati nimeuchomelea vibaya na anachechemea. Geti liko wazi, na yeye amekaa anachambua mchicha.

Nikamuuliza mbona hafanyi kazi. Akaniambia bila kuinua macho kwamba yeye amesomea kufungua na kufunga geti mara elfu hamsini kwa sekunde, na tangu jioni hajalifunga hata mara moja.

"Kwa nini?"

"Nafunga pale akina dada wanaposhiba. Hawajashiba. Wanaofika kule chini wana nusu sahani. Sasa nifunge nini, mwenzangu? Nachambua mchicha."

Pembeni ya geti amesimama mama mnene aliyefungwa nyuzi za shaba mwili mzima, mizunguko sitini. Idadi naijua, nilimfunga mwenyewe nikiwa naangalia taarifa ya habari. Ananisalimu kwa upole. Anasema yeye ana tatizo moja tu: akianza kwenda hawezi kusimama ghafla, na akisimama hawezi kuanza ghafla, kwa hiyo nisimkaripie. Geti likifungwa, yeye ataendelea kupeleka alichobeba mpaka lifunguliwe tena, bila mtu kukaa na njaa. Ndiyo maana wamewekwa pamoja, yeye na mlinzi. Ila leo hajabeba kitu.

"Nani amekula hiyo nusu?" nikauliza, ingawa nilishaanza kusikia harufu ya tumbaku ninayoijua.

Mlinzi akaelekeza mguu wa tatu upande wa chini.

Kuna ngazi kumi na mbili zinazoteremka. Kwenye zile za chini kabisa wamekaa dada wawili waliovaa gauni za njano, mmoja ngazi tatu za juu, mwenzake ngazi tatu za chini, na wamepauka kama watu waliofunga. Ngazi sita zilizobaki zimekaliwa na mtu mmoja. Amevaa koti jeupe la pembe nne. Amekaa kwa adabu, mikono juu ya magoti, na kila sahani inayopita anaimega katikati kwa kijiko. Hana haraka wala uchoyo. Anatoa moshi kidogo.

Akakohoa.

Nikajifunika kichwa kwa kitenge, nikatoka njiani na kujitosa kwenye michai, mimi na wali wangu.

Ndani ya kichaka cha chai kuna chumba cha mtihani cha chuo chetu, na kiti changu ni kile kile kilichovunjika mgongo. Msimamizi ni mita yangu ya njano ya kupimia umeme. Ina mkono mmoja mwekundu na mmoja mweusi, na imevaa tai.

"Swali ni moja," mita inasema. "Sahani mia zimetoka jikoni. Hamsini zimefika. Hamsini ziko wapi?"

"Zimepotea njiani."

"Hakuna kinachopotea. Andika jina la aliyekula."

"Siwezi kuliandika."

"Hulijui?"

"Nalijua. Silitamki."

Mita inanigusa paji la uso kwa mkono mwekundu na kisigino kwa mkono mweusi. Inasoma namba iliyojitokeza kifuani mwake, inatikisa kichwa.

"Heshima kamili," inasema. "Ufanisi nusu. Umefeli."

Nilikuwa sijawahi kufeli umeme. Nilifeli mawasiliano mara moja, na hilo ni suala la mkufunzi. Nilikuwa naandaa maneno ya kuiambia ile mita, maneno ambayo nisingeyarudia hapa, ndipo Madam alipoingia bila kubisha. Wanafunzi wote tukasimama.

"Kaeni," ng'ombe akasema.

Tukakaa. Akaja mpaka kwenye meza yangu, akala mtihani wangu, akameza.

"Mama Lugano," akaniambia, "nina uchungu. Nitazaa saa kumi. Taa inazimika saa saba. Hesabu hiyo hata mimi naiweza, na mimi sijakanyaga chuo."

Nikamwambia naelewa.

"Huelewi. Mwaka jana nilimlamba mwanangu kwa saa nzima. Nilimlamba mgongo. Kichwa kilikuwa upande wa pili na sikujua. Mtu aliyekuwa na taa angeniambia."

Nikakunja pindo la kitenge, nikalikunjua, nikalikunja tena.

"Mwondoe yule mzee," akasema Madam.

"Siwezi kusema naye."

"Una mdomo. Tunausikia mpaka sokoni."

"Si suala la mdomo. Ni baba mkwe."

Madam akacheua kidogo, akafikiri. "Mimi si mkwe wake," akasema. "Hunipa chumvi kila Jumamosi. Njoo, ujifiche nyuma yangu, useme nami. Nitakachokisikia nitakisema."

Chumba cha mtihani kikawa ngazi. Niko nyuma ya ng'ombe, nimejifunika kitenge mpaka kidevuni, naona kwato nne na mkia tu. Upande wa pili nasikia kijiko kikimega wali. Joto lake linapita chini ya tumbo la ng'ombe na kunifika kwenye magoti. Namwambia Madam amwambie shikamoo.

"Anasema shikamoo," Madam akasema.

"Mwambie marahaba." Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. "Mwambie na kule kwao wote wazima?"

"Anauliza kule kwenu wazima?"

Nikasema wazima. Likapelekwa. Nikauliza ng'ombe je, ni mzima, likapelekwa, na Madam mwenyewe akalijibu kwamba si mzima, ana uchungu, na tuharakishe. Kijiko kikanyamaza.

"Mwambie mkamwana wangu aseme alichokuja kusema," baba mkwe akasema. "Anazunguka. Nimemsikia akiongea na mafundi wenzake, huwa hazunguki."

Nikavuta pumzi. Nikamwambia Madam amwambie hivi: kwamba ile rizista ilikuwa zawadi, na ni kweli haijaungua, na nimeitunza. Lakini akina dada wa chini wanakula nusu, mlinzi anachambua mchicha, betri itafikia ukoko saa saba, na mjukuu wake wa miguu minne atakuja saa kumi. Kwa hiyo namwomba ahame.

Madam alipeleka kwa ufupi. "Anasema uondoke."

"Sikusema hivyo," nikanong'ona.

"Ndicho ulichosema."

Mvua ikahamia upande wetu wa njia. Nikajua nimeharibu ndoa, ukoo na sakiti kwa mara moja.

"Mwambie," baba mkwe akasema, "mimi sili kwa njaa. Mtu akiwekwa katikati ya njia akapewa kijiko, atafanya nini? Nilidhani anapenda nikae hapa. Ameunda mambo yake yote mazuri, geti, yule mama wa shaba, halafu akaniacha palepale. Nikasema, basi, mkamwana ana heshima, ngoja nikae. Lakini kukaa kwenyewe ni aibu. Wale mabinti wananitazama nikila."

Madam alianza kurudia yote, nikamwambia nimesikia.

"Mwambie pia mimi najua kazi moja tu. Kupata moto. Akinitoa hapa nitakuwa wa nini? Nirudi kwenye kopo na misumari?"

Hilo chuo hakikunifundisha. Kwenye somo la sakiti, ukishatoa kitu kisichohitajika, unakitupa. Hakuna ukurasa unaosema kinakwenda kuishi wapi.

Aliyejibu ni Madam, na hakunisubiri. "Mimi kuna mtu wangu anakuja," akasema. "Atafika amelowa, na huku Tukuyu alfajiri ni baridi. Unaonaje?"

Kijiko kikawekwa chini. Nilikisikia kikigonga jiwe.

"Hiyo ni kazi," baba mkwe akasema.

Akasimama. Akasimama tu, na foleni nzima ikakwama, kwa sababu alipokuwa amekaa pakawa shimo. Ngazi sita hazipo. Watu elfu na sahani zao wamesimama ukingoni. Dada wawili wakazimika kama vibatari, mchana ukawa giza, na gizani nikasikia Madam akipumua kwa nguvu na kukanyaga huku na huku.

"Mama Lugano," mlinzi akaita kutoka getini, "njia imekatika, unganisha."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa chochote cha chuma. Wewe ndiye fundi."

Sina waya. Sina risasi ya kuchomelea. Nina sahani ya wali na kitenge. Kitenge kina pini kiunoni. Nikaichomoa, nikaikunjua, nikalala kifudifudi ukingoni na kuilaza pini kutoka upande huu mpaka ule. Ilitosha kamili, wala sijui kwa nini, maana shimo lilikuwa na upana wa uwanja wa mpira.

Wa kwanza akavuka. Sahani yake ilikuwa imejaa.

Dada wa juu akala, wa chini akala, wakawaka. Wote wawili wakaanza kulia kwa hofu. Wakasema wao hawana tumbo la kujua wameshiba. Wakipewa wanakula, na ikizidi wanakufa, na sasa mzee hayupo wa kuwapunguzia.

"Mimi nipo," mlinzi akasema, akatupa mchicha, akafunga geti.

Alilifunga, akalifungua, akalifunga. Mara ya tatu sikuiona tena. Kikabaki kimlio chembamba, kama mbu aliyesoma. Geti likifungwa, yule mama wa shaba anaendelea kuteremka na alichobeba, taratibu, bila kukaripiwa; kabla hajaishiwa, geti liko wazi tena. Akina dada wakanyamaza. Wakajifuta midomo. Kule juu betri ikauliza mbona sufuria halipungui, ikavua aproni, ikakaa.

Ndipo nilipohisi joto likija upande wangu. Baba mkwe anapita. Njia ni nyembamba na hakuna mgomba wa kujificha. Nikageukia kichaka cha chai, nikavuta kitenge usoni kwa mkono mmoja na kukishika kiunoni kwa mkono mwingine, kwa sababu pini haipo. Joto likanigusa sikio, likapita shingoni, likaanza kwenda mbali.

"Asante, Baba," nikakiambia kichaka cha chai.

Hatua zikasimama.

"Haya, mwanangu," sauti ikasema, si kwa ng'ombe.

Na bega langu likatikiswa.

"Mama Lugano. Amka. Ndama ni kajike, kamesimama."

Nikafumbua macho. Mama mkwe ameniinamia, mikono imelowa mpaka viwiko, kitambaa kiko begani. Nyuma yake mlango wa zizi ni wa kijivu, jogoo wanawika, na juu ya kichwa chake taa inawaka. Si kule kufifia kwa kukata roho. Inawaka nyeupe, kama ilivyowaka jioni.

Nikamuuliza saa. Akasema kumi na mbili. Madam alizaa saa kumi, akasema, utando ulikuwa puani kama mwaka jana, akauona, akaufuta kwa kidole, kakapiga chafya. Alisimulia hivyo hivyo, kwa mafupi, huku akiangalia pembeni ili nisione uso wake.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa unaongea na baba mkwe wako," akasema. "Nikaona nisikatize. Mmekaa miaka mingi bila kuongea."

Nikainuka nikamwone ndama. Kitenge kikanianguka mpaka miguuni.

"Funga nguo," mama akasema. "Mtoto anaangalia."

Nikatafuta pini kiunoni, kwenye gunia, kwenye nyasi. Haikuwepo. Nikalishusha kopo la taa ukutani. Mpira ulikuwa umefungwa kwa fundo langu mwenyewe, lile la kushoto ambalo hakuna mtu mwingine anayelifunga. Nikalifungua. Sakiti ilikuwa baridi, inalia kimlio chembamba. Pale palipokuwa na rizista, kutoka waya huu mpaka ule, ililala pini yangu, imekunjuliwa.

Sikumwonyesha mama. Nikafunga kopo, nikalirudisha, nikafunga kitenge kwa fundo, nikaenda kuchuchumaa kwa Madam. Alinitazama akicheua, kama mtu ambaye tumeshamaliza mazungumzo. Kajike kalikuwa kamejilaza tena chini yake, kekundu, kana doa jeupe kwenye paji. Manyoya ya mgongoni bado mabichi. Ya kifuani yalikuwa makavu kabisa, yamesimama.

Nikaingiza mkono chini ya kifua chake. Kwenye nyasi kulikuwa na kitu kigumu, cheupe, cha pembe nne, hakijaungwa na waya wowote. Mzee alikuwa wa moto.

Nikajifunika kichwa, nikamrudisha palepale bila kumtazama.